Kilomita Sabini za Athumani

Matsangoni, Jumamosi, Agosti 1986

Kusi limevuma tangu alfajiri na mvua ya rasharasha inakuja na kuondoka. Nimejifungia chumba cha ndani. Walio ukumbini wanadhani nasoma Yasini. Sisomi Yasini. Nimekaa juu ya kitanda cha mama na kalamu nyekundu ya kusahihishia kazi za watoto wa shule, na ninamchukia mume wangu.

Nimeshaliandika. Sasa siwezi kusema sikulisema.

Mama alizikwa jana, baada ya sala ya Ijumaa. Mola amrehemu. Alikuwa ameugua muda mrefu na sote tulijua siku yake inakaribia, kwa hiyo kifo chenyewe sikigombi. Kifo kilikuja kwa adabu. Ninaogombana nao ni Athumani na gari lake.

Nianze na hilo gari. Athumani ni fundi wa umeme katika hoteli moja Malindi. Mzungu mwenye hoteli alikuwa ameleta kutoka kwao kigari cheupe kisichokunywa petroli wala dizeli. Kinakwenda kwa betri, na kazi yake ilikuwa kubeba mizigo ya wageni kutoka langoni hadi vyumbani. Mwaka jana Mzungu akauza hoteli akarudi Ulaya, na kigari akamwachia Athumani, zawadi ya kuagana. Mimi naamini alimwachia kwa kuwa hapakuwa na mwingine aliyekitaka. Tangu siku hiyo, kila usiku waya mnene unatoka dirisha la chumba chetu cha kulala, unavuka uchochoro, unaingia ndani ya gari. Dirisha halifungiki. Mbu wote wa mtaa wetu wa Muyeye wameijua njia ya kitandani kwangu.

Watoto wa mtaani wamelipachika jina la Friji. Ni jeupe, lina pembe nne, na likiwa linakwenda husikii ila mvumo mdogo wa ndani. Athumani hakasiriki wakiliita hivyo. Hucheka. Hudhani wanalisifu.

Gari lilikuja na karatasi ya kiwandani, yenye picha ya mwanamke wa Kizungu anayecheka bila sababu, na maandishi kwamba likijaa chaji linakwenda kilomita sabini. Athumani ameihifadhi karatasi ile kuliko cheti chetu cha ndoa. Jioni akikaa barazani, hata kama watu wanazungumza habari ya bei ya samaki, atatafuta mlango wa kuingilia. "Sabini, jamani! Bila tone la petroli!" Ukimuuliza amejuaje kama ni kweli, atakwambia amelipima.

Nimeona alivyolipima. Asubuhi anakwenda nalo kazini, jioni anarudi, peke yake, barabara ya mjini iliyo tambarare, polepole kama aliyebeba mayai. Kisha usiku kucha linakula stima. Hata siku moja hakutoka nalo nje ya mji. Huko si kupima. Ni sawa na mtu kujipima nguvu kwa kuinua mto wa kulalia.

Halafu betri zenyewe zinataka maji yao maalumu, yale yanayouzwa madukani. Yeye huzitia maji ya kisima cha msikiti, ati hayo ni matamu, hayana chumvi kama ya visima vyetu vingine. Kwa ulimi ni matamu, sikatai. Lakini nani aliyeiuliza betri?

Haya yote niliyavumilia. Mwanamume akiwa na kichezeo chake hatembei hovyo, ndivyo nilivyojiambia.

Jana asubuhi, nikiwa nafunga mkanda wa saa niende shule, utingo wa basi lililotoka Kilifi akapiga hodi. Dada yangu Mwanaisha alimsimamisha njiani hapa Matsangoni akampa ujumbe. Mama amefariki kabla ya alfajiri. Maziko ni baada ya sala ya Ijumaa. Wataanza kumwosha kabla ya adhuhuri, na Rukia aje mapema.

Aje mapema. Hilo lilikuwa neno langu, na wote waliokuwa katika ile nyumba walijua maana yake.

Nyumbani kwetu mama huoshwa na binti zake. Mkubwa anaosha kichwa, mdogo anaosha miguu. Bibi yangu alioshwa hivyo, na miguu yake ilioshwa na mama, kwa kuwa mama alikuwa kitinda mimba kama nilivyo mimi. Alinifundisha mwenyewe, angali mzima, akiwa amekaa kwenye kibao cha mbuzi jikoni. Alininyooshea miguu yake yenye nyufa akacheka: "Hii ni yako wewe, Rukia. Usiniachie mgeni akaja kunitekenya." Nilimwambia anyamaze, asijitabirie. Hakunyamaza. Alinionyesha maji yanavyomiminwa, mguu wa kulia kwanza, na vidole vinavyopitiwa kimoja kimoja.

Sikutaka kitu kingine jana. Sikutaka urithi, sikutaka kanga zake. Nilitaka miguu yake.

Nikavaa buibui, nikamwachia jirani ujumbe wa mwalimu mkuu, nikaenda stendi. Basi la kwenda Mombasa lilikuwa linapakia. Nikapata kiti cha dirishani, nyuma ya dereva. Saa zilikuwa tele. Nataka hili lieleweke, hata kama hakuna atakayelisoma: nilikuwa nimeshakaa.

Athumani alikwenda kuomba ruhusa kazini, tukaagana kwamba atafuata na basi la nyuma. Badala yake likaja Friji. Kwa kuwa halisikiki, watu walishtukia limeshasimama mbele ya mlango wa basi, na utingo akaruka pembeni akitukana.

"Rukia! Shuka. Gari tunalo."

Abiria wote wakageuka. Nikainama dirishani nikamwambia kwa sauti ndogo tupande basi sote wawili, hili si suala la mjini, ni Matsangoni.

"Mkwe wangu afe, niende kwao na basi kama sina changu? Matsangoni ni kilomita arobaini tu. Hili ni sabini. Thelathini zabaki. Shuka mama, watu watutazama."

Arobaini kutoa katika sabini. Mimi ni mwalimu wa hesabu, na hesabu yenyewe haikuwa na kosa. Namna ya kulirudishia chaji huku, kwenye nyumba ambazo bado zinawasha taa za mafuta, hakuiwaza.

Nikashuka.

Nikijiuliza kwa nini nilishuka, jibu la kwanza ni kwamba mke hashindani na mumewe stendi, tena siku ya msiba. Ni jibu zuri na ni la kweli. Jibu la pili sijamwambia mtu. Tulipolipita basi kimya kimya, wanawake wawili walitutazama kwa kijicho, na mimi nikanyoosha shingo. Mama yangu yu kitandani amefunikwa shuka, na mimi nanyoosha shingo kwa ajili ya Friji. Basi na hasira hii, kipande chake kimoja ni changu.

Kikubwa ni chake.

Hatujatoka Muyeye tukamkuta shangazi yake, Bi Fatuma, anatungoja mlangoni kwake na nusu gunia la mchele na nazi ndani ya kikapu. Athumani alikuwa amempitia kumwarifu kabla ya kuja stendi. Msiba hauendewi mikono mitupu, hilo najua. Bi Fatuma ni mwanamke mzito, naye pia hilo analijua, akaketi nyuma na mchele wake na gari likashuka kwa matako. Athumani akawasha taa za mbele mchana kweupe, ati ndiyo heshima ya msafara wa maziko. Kisha akafungua redio kaseti aliyoiunga na betri za gari, Kurani ikaanza kusomwa. Kila kitu kilikuwa kinakula kutoka sahani moja.

Kabla ya Msabaha, mzee mmoja akainua bakora. Alikuwa Maalim Shee, aliyemsomesha Athumani Kurani chuoni.

"Mwenda wapi, wanangu?"

"Shikamoo Maalim. Mazikoni, Matsangoni."

"Marahaba. Basi twende, na mimi mmenipunguzia safari."

Hapa sitamlaumu. Mwenye kwenda mazikoni hapitwi njiani. Hata ningekuwa mimi niliyeshika usukani ningesimama, na asiyesimama akaja akafa nani atambeba? Ila nikiwa nimebanwa pale na bakora ya Maalim imenipita mbele ya magoti, niliitazama ile karatasi ya kiwandani iliyobandikwa juu ya kioo na yule mwanamke anayecheka. Nikafahamu. Walioiandika waliwaza mtu mmoja, ndani ya gari lake, anakwenda zake. Hawakumwaza Bi Fatuma. Hawakuwaza mchele. Hawakuwaza nchi ambayo huwezi kumpita mtu mzima ukampungia mkono tu, lazima usimame, umwulize ameamkaje, na watoto, na yule aliyekuwa na homa, kisha uling'oe gari upya kutoka lilipolala. Athumani alisimama kwa kila salamu. Na kila mtu akamwuliza mbona halina sauti, na kila mtu akajibiwa kwa kirefu.

Sabini zile zilikuwa za kwao. Za kwetu hakuna aliyewahi kuzihesabu, na aliyekuwa na wajibu wa kuzihesabu alikuwa anasalimia.

Gede ndipo nilipoanza kutazama saa. Alisimama kununua maji ya kunywa, wanaume wakazunguka, naye akafungua kifuniko cha mbele kuwaonyesha betri zilivyopangwa. Nikamwita. Akasema dakika moja. Nikamwita tena, kwa sauti ambayo mwanamke aliyefiwa haitumii mbele ya wanaume. Akasema, "Nakuja, mama, usiwe na haraka. Sabini ni sabini."

Basi langu likatupita hapo. Likapiga honi. Kwenye kiti changu alikuwa amekaa mwanamume amelala, kichwa amekiegemeza kwenye kioo.

Tulipotoka Gede mshale wa chaji ulikuwa nusu. Hatujafika mbali ukaanguka. Kusi lilikuwa linatupiga usoni, msitu uko kulia, barabara inapanda kidogo pale ambapo hata sikuwahi kujua inapanda, maana nimeipita maisha yangu yote kwa basi. Mwendesha baiskeli aliyebeba tenga la kuku akatukuta, akatusalimia, akatupita. Maalim akauliza kwa upole, "Athumani mwanangu, hili lapumzika?"

Karibu na Mida likasimama. Kurani ikawa nzito, msomaji akavuta maneno kama mgonjwa, kisha na yeye akanyamaza.

Athumani akashuka, akafungua, akagusa hiki na kile. Akasema betri zimeshika joto, zikipoa zitarudi. Tukangoja zipoe. Zikarudi kweli, gari likajikokota kutoka kwenye mti mmoja hadi mti wa pili, likafa. Akasema zipoe tena. Nikamwambia nitatembea kwa miguu. Bi Fatuma akaniambia nisitie watu aibu barabarani.

Kisha likaja lori la mkaa linalokwenda Kilifi. Mbele pamejaa, juu ya magunia pana nafasi ya mwanamume mmoja aliye tayari kujishika. Niliamua mimi. Nataka niyaandike maneno yangu kama nilivyoyasema, maana leo ndiyo mali pekee niliyobaki nayo.

Nilimwambia: "Nenda. Mwambie Dada aningoje. Aoshe kwingine kote, miguu asiiguse hadi nifike. Hata kama ni kusogeza maziko mpaka Alasiri, waambie wanisubiri."

Bi Fatuma alisikia. Maalim alisikia. Athumani alisema, "Nitawaambia," akapanda, akaondoka na vumbi la mkaa.

Kungoja kungewezekana. Kwetu maziko kusogezwa kidogo ili mtoto wa marehemu afike si ajabu, imeshafanyika mara nyingi. Kwa hiyo nilikaa kwenye kivuli cha Friji nikiwa na moyo uliotulia. Siamini sasa nikikumbuka. Nilikuwa nimetulia. Bi Fatuma alijipepea kwa kipepeo cha ukili akanieleza jinsi Athumani tangu utotoni alivyokuwa na akili ya mitambo, na mimi nikaitikia.

Askari wa msitu walitukuta na Landrova yao, Mwenyezi Mungu awalipe, wakatubeba sote na mchele. Tulipoingia hapa kijijini jeneza lilikuwa limeshatoka. Wanaume walikuwa wanatupa mgongo, wanakwenda msikitini, tahalili inapanda na kushuka. Niliona nguo ya kijani iliyofunika jeneza. Niliona aliyeshika ubao wa mbele, upande wa kulia, kofia imekaa sawasawa.

Athumani.

Wanawake hatufuati jeneza. Nikasimama barabarani mpaka sauti zikaisha. Jioni nikaambiwa kwamba alishuka hata kaburini, maana mkwe ni maharimu na kaka zangu walitaka mtu wa kuwasaidia, hivyo mikono iliyompokea mama ilikuwa yake. Watu wanamsifu. Kila anayekuja kunipa pole ananiambia nina mume.

Jana jioni niliona Dada hanitazami. Nikafikiri ni uchungu. Aliniwekea chai mbele yangu bila neno, akakwepesha macho, akaenda kukaa mwisho wa mkeka na wale waliomsaidia kuosha. Nafasi kando yake ilikuwa wazi, na kila nilipotaka kuisogelea aliweka mto. Watu wazima wanajua kupigana bila kelele. Nikajiambia kesho atapoa.

Leo asubuhi nilimfuata uani alipokuwa anaosha vikombe. Nikamwuliza nimekosa nini.

Hakuinua kichwa. "Mama alipoumwa, ulikuwa na shule. Sikusema neno. Amekufa, ukawa na woga. Haya, na hilo pia nalinyamazia."

"Woga gani?"

"Mumeo alitwambia mwenyewe. Alikuja mbio, twamuuliza yu wapi Rukia, akasema, Rukia hajiwezi, asema hana moyo wa kumwona mama yake, yuwaja taratibu na shangazi, ninyi endeleeni msimngoje." Ndipo akanitazama. "Nilikuwa na kata ya maji mkononi. Nilikuwa nimesimama nakungoja, na kata mkononi. Nikampa jirani."

Jirani. Mwanamke mwema, aliyehamia hapa mwaka jana. Mama alikuwa hajazoea hata sauti yake.

Neno langu peke yake Dada asingeliamini. Nikamtafuta Bi Fatuma, maana yeye alisikia pale Mida kila neno. Nikamwambia twende ukamwambie Dada ulichokisikia. Akanivuta pembeni, akanishika mikono miwili.

"Msitiri mumeo, mwanangu. Maneno haya yapite. Mume ni nguo yako."

Nikamwambia, "Nguo hii, Shangazi, imenivua mbele ya watu."

Akasema hasira za msiba zina shetani. Akarudi kwenye mchele wake.

Basi nikamwita Athumani mwenyewe, akatoka kwa wanaume, tukasimama nyuma ya jiko. Alikuwa na uso wa mtu aliyelala vizuri. Kabla sijafungua kinywa alianza kunieleza kwamba amepata watu wenye trekta, watalivuta Friji mpaka Gede kwa rafiki yake mwenye umeme, na kesho kutwa tutarudi nalo Malindi taratibu, mizigo ikiwa michache. Mizigo.

Nikamwuliza aliwaambia nini.

Akasema alipofika walikuwa wameshaanza. Nikamwambia Dada alikuwa na kata mkononi, anangoja. Akatazama chini. Akasema yalikuwa mambo ya haraka haraka, hakumbuki alisemaje. Nikamwambia Dada anakumbuka. Hapo akashika ukuta.

"Kaka zako wote walikuwa barazani, Rukia. Na jamaa wa Kilifi. Neno la kwanza wananiuliza, gari li wapi? Wote wamelisikia lile gari, nimewaeleza mimi mwenyewe. Ungetaka niseme nini? Limezima njiani na nimemwacha mtoto wa marehemu kando ya msitu? Wangecheka. Mpaka leo wangekuwa wanacheka."

"Wangecheka huku wananingoja."

Nimefundisha watoto miaka mingi na najua uso wa mtu aliyeelewa hesabu akiwa ameshachelewa, na najua pia uso wa asiyeelewa na anangoja tu kengele ilie. Huo wa pili ndio uliokuwa wake.

Alisema kwa upole, kama anayeniomba chumvi, "Usiseme. Nitakufidia."

Anifidie na nini? Ana mama mwingine wa kunipa?

Ndipo nilipofanya jambo ambalo mwanamke wa kwetu halifanyi. Nilipaza sauti, nikamwita Dada aje nyuma ya jiko. Akaja, mikono bado ina sabuni, na wanawake wawili nyuma yake, na Bi Fatuma nyuma yao akisema astaghfirullah. Nikamwambia Athumani: mwambie.

Akakohoa. Akasema, "Shemeji, lile gari kwa hakika ni la kilomita sabini. Ila jana upepo, na uzito, na Maalim pia..."

Alipewa nafasi ya kunirudishia mama yangu mbele ya dada yangu, na akaanza kulitetea gari.

Dada akainua mkono wenye povu, akamnyamazisha. Akamwuliza swali moja tu, kwa utulivu uleule wa mama. "Shemeji. Alikwambia tumngoje, au hakukwambia?"

Upepo ulisikika ukipita kwenye makuti. Mmoja wa wale wanawake akatazama miguu yake. Mwishowe Athumani akasema, "Aliniambia."

"Basi," Dada akasema. "Nenda ukakae na wenzio."

Akaenda. Bi Fatuma akamfuata akimshika mgongo kama mtoto aliyeanguka. Dada hakunikumbatia, si desturi yake. Alijifuta mikono kwa kanga, akaniambia nikiwa tayari niingie ndani, nafasi yangu iko kando yake. Alipofika mlangoni alisimama akaniambia, bila kugeuka, kwamba yule jirani aliosha vizuri, alianza na mguu wa kulia.

Nimemshukuru. Sikujua jinsi ya kumweleza kwamba neno hilo lilinikata kuliko yote.

Sasa nasikia wanawake wanapanga sahani za khitma ya kesho. Sauti ya Athumani nayo naisikia kutoka barazani, anazungumza na watu wa trekta, na nikitega sikio vizuri nasikia anawaambia ni betri tu, gari lenyewe halina kosa. Sijui kama nitarudi nyumba moja naye. Nikijiuliza, moyo unanijibu mambo mawili kwa pamoja, na leo sina nguvu za kuamua kati yao. Dada atanisamehe, ameshanisamehe, kwa kosa ambalo sikulitenda. Jamaa watazungumza mwezi mmoja, kisha watapata la mwingine.

Nitaifunga kalamu, niende nikakae mkekani. Watu watanipa pole na nitaitikia. Kesho kutakucha, na miguu ya mama itakuwa imeoshwa na jirani.